Wasomaji Wanauliza: Nafasi ya Utafiti Katika Astrofizikia ya Kompyuta

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaotaka kuomba kazi ya utafiti chuo kikuu, upande wa kuiga nyota, galaksi na gesi ya angani kwa kompyuta. Zilizofanana tumeziunganisha. Majibu yameandikwa na watu wanaofanya kazi hiyo na wanaosoma maombi ya kazi hiyo.

SWALI: Ninalo tangazo la "mtafiti wa astrofizikia ya kompyuta, miaka 2, huenda ukaongezwa 1". Nimesoma fizikia, naipenda anga, nina darubini ndogo nyumbani. Kazi yenyewe hasa ni ipi?

Darubini iweke kando, kazini hutaigusa. Utaajiriwa kuandika, kuendesha na kukagua programu zinazotatua milinganyo ya uvutano, ya mwendo wa gesi, ya sumaku, na pengine ya mnururisho. Saa nyingi za juma huishia kwenye kusoma mafaili ya matokeo, kutafuta kwa nini mkokotoo ulikufa usiku wa manane, kuchora grafu na kuandika makala. Kuandika msimbo mpya hakuchukui muda mrefu kama wengi wanavyofikiri. Wiki huliwa na kuuthibitisha.

Tangazo lenyewe lisome kama mkataba. Angalia kwanza nani analipa: ikiwa fedha ni za ruzuku ya mradi, utafanya swali la mwenye mradi, ikiwa ni ufadhili huru, utafanya lako. Kisha tazama msimbo uliotajwa. Tangazo likitaja MPI, maana yake programu yao hugawa kazi kwenye kompyuta nyingi zinazotumiana ujumbe, nawe utatarajiwa kujua pale ujumbe unapokwama. Likitaja GPU, mara nyingi wako katikati ya kuuhamishia msimbo wa zamani kwenye kadi za michoro, na hiyo ni kazi ya jasho inayozaa makala chache mwanzoni. Na ule mwaka wa "huenda" hutegemea tathmini au fedha ambazo bado hazijapatikana. Swali hilo lihifadhi kwa siku ya usaili.

Kuhusu shahada: nafasi za baada ya uzamivu kwa kawaida hutaka uzamivu uwe umekamilika siku ya kuanza kazi, si siku ya kuomba. Mwenye uzamili atafute matangazo ya mtafiti msaidizi au ya nafasi za uzamivu zenye posho.

SWALI: Chuoni kwetu hakuna kompyuta kuu. Nina kompyuta mpakato yenye viini 4 vya prosesa na kumbukumbu ya GB 8. Nitashindanaje na mtu aliyelelewa kwenye maelfu ya viini?

Kwa kuonyesha kwamba unajua lini programu yako inasema kweli na lini inadanganya. Aliyelelewa kwenye mashine kubwa mara nyingi ameendesha msimbo wa wenzake bila kuufungua, na jopo hulijua hilo.

Andika programu ndogo ya mwendo wa gesi, ya mwelekeo mmoja tu, kisha uijaribu kwa bomba la mshtuko la Sod, jaribio ambalo Gary Sod alilichapisha mwaka 1978 na ambalo kila mtu wa fani hii analijua. Bomba lina urefu wa 1, na kizuizi katikati. Kushoto msongamano ni 1 na kanieneo ni 1; kulia msongamano ni 0.125 na kanieneo 0.1, gesi imetulia pande zote, gama (uwiano wa joto mahususi za gesi) ni 1.4. Ondoa kizuizi, simamisha saa kwenye 0.2. Wimbi la mshtuko linapaswa kuwa karibu na 0.85, na mpaka kati ya gesi ya kushoto na ya kulia karibu na 0.685. Katikati ya hayo kanieneo iwe 0.303 na kasi 0.927. Jibu kamili linapatikana kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo hakuna pa kujificha.

Endesha kwa seli 100, halafu 200, 400 na 800. Kila mara pima wastani wa tofauti kati ya jibu lako na jibu kamili, bila kujali alama ya kutoa. Hapa ndipo wengi hushtuka: wameandika mbinu ya daraja la pili, wanategemea kosa lipungue mara 4 kila seli zinapoongezwa maradufu, kumbe linapungua karibu nusu tu, pengine pungufu kidogo ya hapo. Si kosa la msimbo. Kwenye mruko mkali kila mbinu hushuka daraja. Ukitaka kuiona daraja la pili, tumia wimbi laini la sauti lenye kimo kidogo sana. Hapo kosa litapungua mara 4. Weka grafu zote mbili kwenye ukurasa mmoja na ueleze kwa sentensi mbili kwa nini zinatofautiana. Ukurasa huo unaeleza uwezo wako kuliko orodha ya programu kumi ulizowahi kuzifungua.

Kuna mtego mmoja wa kuogopwa. Ukiandika milinganyo kwa kasi na kanieneo badala ya kasimwendo (tungamo mara kasi) na nishati zinazohifadhika, grafu itatoka nzuri, laini, bila vijimawimbi, lakini wimbi la mshtuko litakaa mahali pasipo pake. Ongeza seli uwezavyo, halitasogea kwenda panapostahili. Ndiyo maana hatuamini grafu nzuri isiyo na jibu kamili pembeni.

Mpakato wako unatosha hata kwa pande tatu. Seli 256³ ni kama milioni 16.8. Kila seli ikibeba namba 8 za baiti 8 (msongamano, nishati, kasi tatu, sumaku tatu), nakala moja ni GB 1.07. Programu huhitaji nakala kadhaa kwa wakati mmoja, tuseme 4, kwa hiyo GB 4.3. Inaingia kwa kubana. Ukifika 512³ zidisha kwa 8, na mpakato umeshindwa.

Kwa matokeo makubwa, usihangaike kuyaendesha mwenyewe. Data za IllustrisTNG, mikokotoo mikubwa ya ukuaji wa galaksi, ziko wazi kwa yeyote anayejiandikisha: kila mkokotoo una mafaili ya hali 100, yaani picha 100 za ulimwengu uleule katika nyakati tofauti, na unaweza kuomba chembe za galaksi moja tu badala ya kuvuta faili zima. Lakini soma maelezo ya vipimo kabla ya kuchora chochote. Umbali umeandikwa kwa kiloparseki (parseki 1,000, kila parseki ni miaka-nuru 3.26) zilizogawanywa kwa h, namba ya kasi ya upanukaji wa ulimwengu, na h yao ni 0.6774. Ukisahau kugawa, ukubwa wa galaksi unatoka mdogo kwa theluthi nzima. Umbali huo pia unafuata upanukaji wa ulimwengu, hivyo uzidishe kwa kipimo cha upanukaji cha wakati husika. Na kasi za chembe nazo huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha kipimo hichohicho. Kwa ulimwengu wa leo kipimo ni 1, kwa hiyo kosa halionekani. Linaibuka ukirudi nyuma miaka bilioni kadhaa, na wakati huo umeshaandika nusu ya makala.

SWALI: Nimeandika kwa lugha ya C programu ya nyota inayozunguka galaksi, niiambatishe kwenye maombi. Natumia sentimita na gramu. Kuokoa kumbukumbu nimetumia namba za biti 32. Zao la G na tungamo la galaksi nimelikokotoa kando, 1.3 × 10³⁷. Nyota iko kiloparseki 8 kutoka kiini cha galaksi. Inakwenda mstari mnyoofu kana kwamba hakuna uvutano, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Namba ya biti 32 haipiti 3.4 × 10³⁸. Kiloparseki 8 ni sentimita 2.47 × 10²², na ukizizidisha kwa zenyewe unapata 6.1 × 10⁴⁴. Kompyuta imeiandika kama namba isiyo na mwisho. Sasa gawa 1.3 × 10³⁷ kwa namba isiyo na mwisho: sifuri safi. Mchapuko ni sifuri, nyota inajiendea zake. C haikuona kosa lolote kwa sababu kwa sheria zake hakuna kosa. Kwa kweli kukokotoa zao kando kumekuponza: ungeingiza tungamo lenyewe, gramu 2 × 10⁴⁴, nalo lingefurika, ungepata isiyo na mwisho ikigawanywa kwa isiyo na mwisho, na kila kitu kingegeuka "nan" (si namba) mbele ya macho yako.

Kuhamia biti 64 kutaponya dalili. Tiba ni kubadili vipimo. Tumia kiloparseki kwa umbali, kilomita kwa sekunde kwa kasi, na tungamo la Jua mara bilioni 10 kama kipimo kimoja cha tungamo. Hapo G inakuwa karibu 43,007, na kipimo kimoja cha wakati kinakuwa miaka milioni 978. Galaksi yako ya tungamo la Jua mara bilioni 100 ni 10 tu. Kasi ya mzingo wa duara kwenye kiloparseki 8 ni kipeuo cha pili cha 430,070 ÷ 8, yaani kilomita 232 kwa sekunde, na mzunguko mmoja unachukua miaka milioni 212 hivi. Programu ikikupa tofauti na hapo, usiendelee mbele.

Kabla ya kuiambatisha, jambo moja zaidi. Usiijaribu kwa mzingo wa duara peke yake, maana duara huficha makosa. Anza na nusu ya kasi ile, kilomita 116 kwa sekunde, ili nyota ishuke karibu na kiini na kurudi. Endesha mizunguko 1,000 na uchore nishati. Mbinu ya Euler, iliyo rahisi kuliko zote za kusogeza nyota hatua kwa hatua, itaitupa nyota nje. Runge-Kutta ya daraja la nne itaanza na kosa dogo sana, lakini kosa hilo linakwenda upande mmoja bila kurudi. Mbinu ya kurukiana, ile ya kusukuma kasi nusu hatua, kusogeza hatua nzima, kusukuma tena nusu, kosa lake hupanda na kushuka bila kuhama. Ukianza kubadili urefu wa hatua kila nyota inapokaribia kiini, sifa hiyo inapotea, na jopo likiwa na mtu mjuzi atakuuliza hilohilo.

SWALI: Wanataka tukadirie "saa za viini" tutakazohitaji. Sijawahi kutumia kompyuta kuu. Nitakadiriaje kitu nisichokijua?

Kwa hesabu ya mstari mmojammoja. Saa moja ya kiini ni kiini kimoja cha prosesa kikifanya kazi kwa saa moja. Chukua mfano wa wingu la gesi kwenye sanduku la parseki 10 kila upande, seli 512³, kwa miaka milioni 1.

Seli moja ina upana wa parseki 10 ÷ 512, yaani 0.0195, ambazo ni kilomita bilioni 603. Sharti la Courant, lililotokana na makala ya Courant, Friedrichs na Lewy ya mwaka 1928, linasema habari isivuke zaidi ya seli moja kwa hatua moja. Ikiwa kasi kubwa kabisa, ya gesi pamoja na ya sauti, ni kilomita 10 kwa sekunde, kuvuka seli kunachukua miaka 1,910. Kwa usalama tunachukua 0.4 ya hapo, miaka 764. Miaka milioni 1 inahitaji hatua 1,309.

Seli ziko milioni 134. Sasa unahitaji namba moja ya kupima mwenyewe: kiini kimoja kinasukuma seli ngapi kwa sekunde. Endesha tatizo dogo kwa kiini kimoja cha mpakato wako kwa dakika 5, zidisha seli kwa hatua zilizopigwa, gawanya kwa sekunde. Tuseme umepata 100,000. Hatua moja ni sekunde 1,342 za kiini, karibu saa 0.37. Zidisha kwa 1,309: saa 488. Si nyingi, unaweza kuridhika.

Usiridhike. Nyota moja ndani ya wingu ikilipuka, gesi yake inakwenda kilomita 1,000 kwa sekunde. Kasi imepanda mara 100, hatua imefupika mara 100, na bili ni saa 48,800 kwa sababu ya mlipuko mmoja. Ukitaka 1024³ badala ya 512³, seli ni mara 8 na hatua ni mara 2, jumla mara 16: saa 780,000 na ushee. Kwa kulinganisha, mkokotoo maarufu wa Millennium uliotangazwa mwaka 2005, wenye chembe 2160³, zaidi ya bilioni 10, uliendeshwa kwenye prosesa 512 na ulitumia jumla ya takriban saa 350,000 za prosesa.

Ongeza juu ya makadirio yako theluthi moja kwa ajili ya mikokotoo itakayokufa au kurudiwa, na useme wazi kwamba umeongeza. Anayeomba saa kamili bila akiba anaonekana hajawahi kuendesha kitu.

Kumbukumbu nayo ina mtego. Ikiwa programu inagawa sanduku katika vipande vya seli 16³, kila kipande hubeba pia seli za mpakani zilizonakiliwa kutoka kwa jirani. Seli 2 kila upande hukigeuza kipande kuwa 20³: 8,000 badala ya 4,096. Kumbukumbu imekaribia kuongezeka maradufu na hujafanya lolote. Vipande vya 32³ huongeza asilimia 42 tu. Waliokadiria kwa kuhesabu seli halisi peke yake ndio ambao kazi yao huuawa na mashine dakika ya kwanza.

Diski usiisahau. Faili moja la hali, namba 8 za biti 32 kwa kila seli ya 512³, ni GB 4.3. Mafaili 100 ni GB 430. Na kwa kuwa foleni nyingi huikata kazi inapofika saa 24 au 48, andika faili la kuanzia upya kila baada ya saa 2 hivi, ukiyapokezanisha mawili: moja likiharibika katikati ya kuandikwa, lingine bado lipo. Jaribu kuanzia upya siku ya kwanza, si siku umeme unapokatika.

SWALI: Msimbo uleule, data zilezile, viini 64 na viini 128: nyota zinaishia sehemu tofauti. Nifiche?

Usifiche, na usiogope mapema. Kujumlisha kwa kompyuta hutegemea mpangilio. Kwa biti 32, chukua milioni 100, ongeza 1, kisha toa milioni 100: unapata 0. Toa kwanza, kisha ongeza 1: unapata 1. Viini vikibadilika, mpangilio wa kujumlisha nguvu unabadilika, na mfumo wa nyota nyingi hukuza tofauti ndogo kabisa mpaka iwe kubwa. Nyota mojamoja hazitalingana. Kinachopaswa kulingana ni takwimu za jumla: tungamo kwa kila umbali, nishati, mgawanyo wa kasi.

Kutofautisha na kosa halisi, endesha hatua moja tu kwa viini 64 na 128. Kwa biti 64 tofauti iwe kwenye tarakimu ya 14 au 15. Ikiwa tayari iko kwenye tarakimu ya 4, ni kosa. Chora ramani ya tofauti hiyo. Ikijipanga kwenye mistari ya mipaka kati ya vipande, umesahau kubadilishana seli za mpakani kabla ya kukokotoa.

SWALI: Python inatosha?

Kwa kuchambua na kuchora, ndiyo, na karibu kila mtu anaitumia. Kwa msimbo mkuu, hapana. Kati ya misimbo maarufu ya fani hii, RAMSES imeandikwa kwa Fortran, AREPO na SWIFT kwa C, Athena++ na GADGET-4 kwa C++. Hutakiwi kuzijua zote. Jua moja kiasi cha kuweza kufungua faili la mtu mwingine, kupata mahali hatua ya wakati inapoamuliwa, na kuibadili bila kuvunja mengine. Ukijua Git (ya kutunza matoleo ya msimbo) na kupanga kazi kwenye foleni ya Slurm (programu inayogawa zamu kwenye kompyuta kuu), umeondoa mwezi wa kwanza wa kufundishwa.

SWALI: Maelezo ya utafiti niyaandikeje? Kurasa 3 ni chache.

Ni nyingi kwa asiyejua anachotaka. Ukurasa wa kwanza ubebe swali moja na matokeo yako ya nyuma, na grafu moja iliyo kubwa kiasi cha kusomeka bila kukaza macho. Wa pili ubebe utakachofanya: msimbo upi, fizikia ipi unaongeza, seli ngapi, saa ngapi za viini, na makadirio hayo yametoka wapi. Wa tatu, nusu yake iwe juu ya kitakachoharibika na utakachofanya kikiharibika. Nusu hiyo huachwa na waombaji wengi, na ndiyo ambayo wasomaji wazoefu huitafuta.

Linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: "Nina uzoefu mkubwa wa kuiga mawingu ya gesi kwa kompyuta." Ya pili: "Niliongeza upoaji wa gesi kwenye msimbo, nikaendesha wingu lilelile kwa seli 64, 128 na 256 kila upande, na nikaonyesha kwamba idadi ya mabonge haitulii mpaka urefu wa Jeans upate angalau seli 4." Urefu wa Jeans ni ukubwa ambao gesi ikiuzidi hujiporomokea kwa uvutano wake yenyewe. Sentensi ya pili haina sifa hata moja, na bado imemwambia msomaji kwamba unalijua sharti la Truelove na wenzake la mwaka 1997: chini ya seli 4, gesi hukatikakatika yenyewe kwa sababu ya gridi, na nyota unazoshangilia zimezaliwa na hesabu mbovu.

Wasifu uwe mfupi. Orodha ya makala itenganishe zilizochapishwa, zilizowasilishwa na zinazoandaliwa. Kuzichanganya hugunduliwa kwa kubofya mara moja. Barua ya maombi ukurasa mmoja, itaje nani kwenye idara hiyo ungefanya naye kazi na juu ya nini. Kiungo cha msimbo wako kiwe na maelezo ya kuuendesha kwa amri moja, na ujaribu amri hiyo kwenye kompyuta ya rafiki kabla hujatuma. Msimbo unaoendeka kwako tu ni hasara kuliko kuacha kuweka kiungo.

Sehemu kubwa ya matangazo ya kimataifa hutoka kati ya Septemba na Desemba kwa kazi zinazoanza mwaka unaofuata. Mengi huwekwa kwenye Job Register ya AAS, chama cha wanaastronomia wa Marekani, na kusoma ni bure. Angalia saa ya mwisho iko kwa majira ya wapi.

SWALI: Wadhamini watatu. Msimamizi wangu ni mzito wa kuandika, na mmoja wa wengine hanijui vizuri.

Barua hutumwa na mdhamini moja kwa moja, wewe huioni, na ikichelewa maombi yako yanaweza kuonekana pungufu. Waombe wiki 6 kabla. Watumie kwa pamoja tangazo, wasifu, maelezo ya utafiti hata kama ni rasimu, na mistari mitano ya mambo uliyofanya na kila mmoja wao ambayo angeweza kuyasahau. Wakumbushe wiki mbili kabla na siku tatu kabla, kwa ujumbe mfupi wenye kiungo na tarehe tu. Anayekujua juujuu mbadilishe, hata kama ana jina kubwa. Barua ya profesa mashuhuri inayosema "alihudhuria darasa langu na alifaulu" ni kama hakuna barua. Mhandisi wa programu uliyekesha naye mkitafuta kosa anafaa zaidi, mradi aandike kosa lilikuwa nini na nani alilipata.

SWALI: Nimeitwa kwenye usaili wa mtandaoni, dakika 30. Na wakinipa kazi wakati nasubiri jibu la kwingine?

Andaa maelezo ya dakika 10, dakika 20 zinazobaki ni zao. Watauliza kitu ambacho hakimo kwenye makala yako: ungeongeza seli maradufu, ni matokeo yapi yangebadilika? Kama umewahi kuendesha jaribio hilo, jibu linatoka lenyewe. Kama hujawahi, sema hujawahi, kisha taja unachotarajia na kwa nini. Kubabaisha mbele ya watu waliowahi kuandika msimbo huohuo ni kujianika.

Nawe uliza. Kikundi kina saa ngapi za viini kwa mwaka, na zikiisha nani anaomba nyingine? Mwaka wa tatu umeshalipiwa? Msimbo ni wa wazi au wa ndani, na ukiondoka unaweza kuondoka nao? Nani anakuwa mwandishi wa kwanza wa makala inayotokana na mkokotoo ulioanza kabla yako? Muda wako mwenyewe wa utafiti ni siku ngapi kwa juma, na umeandikwa mahali? Omba pia kuongea na mtafiti anayemaliza mkataba hapo, bila bosi kuwepo.

Kuhusu tarehe: AAS ilipitisha azimio kwamba mwombaji wa nafasi ya baada ya uzamivu asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Februari, na idara nyingi za Marekani hulifuata. Kwingineko halifungi mtu, na unaweza kupewa siku 7. Ukipewa ofa mapema, waandikie siku hiyohiyo wale unaowasubiri: nimepata ofa, mwisho wa kujibu ni tarehe fulani, je, uamuzi wenu utakuwa tayari kabla ya hapo? Usitaje mshahara wala usiwatishe. Mara nyingi hujibu ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni hapana, na ofa iliyo mkononi usiikatae mpaka nyingine iwe kwenye maandishi yenye tarehe ya kuanza.